Naomba ushauri: mipango miji ya Horohoro na Lunga Lunga, wananchi tunaingilia wapi?

Wakuu, salaam. Mimi ni mkazi wa Horohoro, wilaya ya Mkinga, hapa Tanga. Mpaka wetu na Lunga Lunga, kaunti ya Kwale, umekatiza watu wamoja: Wadigo wako huku na kule, tunazikana na kuoana. Lakini mji unavyokua, kila upande unachora ramani yake kana kwamba ng'ambo ni pori. Malori yanapaki popote, taka zinatupwa penye uwazi, na mvua ikinyesha maji hayaulizi pasipoti.

Kwetu, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wadau washirikishwe. Kenya nako Katiba ya 2010 imeweka ushiriki wa wananchi, na mipango ni kazi ya kaunti. Hata Mkataba wa Afrika Mashariki wa 1999 unamtaja mwananchi kuwa ndiye kiini. Shida yangu ni pale katikati: nani anapokea maoni ya pande zote mbili kwa pamoja?

Nimewaza tuanze na mkutano mkuu wa kijiji, tuwaalike majirani wa Lunga Lunga kama wageni, kisha muhtasari uende kwa diwani na afisa mipango miji. Je, muhtasari wenye maoni ya raia wa Kenya una nguvu yoyote halmashauri? Au wao wapeleke wao Kwale, maneno yaleyale?

Walio kwenye miji mingine ya mpakani, Namanga, Sirari au Tunduma, ninyi mlifanyaje? Wataalamu wa mipango miji na wanasheria pia, nisaidieni, maana mchoro ukishapitishwa kuubadili ni kazi kubwa.