Tupeane uzoefu: unapunguza uzito, njaa haipo, kalori hazifiki

Mleta mada, Njiro
Wadau wa Arusha na Moshi, kila siku tunajadili namna ya kuzuia njaa. Leo tuwageukie ambao njaa imekata kabisa. Mtu yuko wiki ya tatu ya diet, saa kumi jioni inamkuta na chai ya rangi na vipande viwili vya tikiti tumboni, na bado anasifiwa kwa nidhamu. Wanaolijua jambo hili walete vipimo, kiasi na sababu. Habari za shemeji aliyepungua kilo 20 kwa mwezi tuziache kijiweni.

Mizani ya Sakina
Kwanza jua mwisho wa kushuka. Kwa watu wazima wengi, mwanamke akila chini ya kalori 1,200 kwa siku na mwanaume chini ya 1,500, protini, madini ya chuma na vitamini vinakuwa vigumu kutimia. Chini ya 800 ni kazi ya kusimamiwa na daktari. Ukipunguza kalori 500 kwenye mahitaji yako ya siku, utashuka kama nusu kilo kwa wiki, na hiyo inatosha.

Anayeshuka zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wiki baada ya wiki, anapoteza misuli pamoja na mafuta. Hatari nyingine ni mawe kwenye kifuko cha nyongo. Kifuko hicho hujikamua unapokula chakula chenye mafuta. Usipokula, nyongo inatuama humo na kuganda. Nywele nazo hukatika miezi miwili au mitatu baadaye, ndiyo maana lawama zote anaangushiwa msusi. Mwanamke anaweza kukosa siku zake. Kilo mbili za wiki ya kwanza msizipigie hesabu, nyingi ni maji.

Jiko la Mbuyuni
Tatizo kubwa ni ujazo. Kabichi gramu 100 ina kalori kama 25, tikiti kama 30. Sahani imejaa, tumbo limejaa, kalori hakuna. Asiye na njaa anahitaji chakula kidogo kilicho kizito:

Parachichi gramu 100: 160. (Za huku kwetu nusu inaweza kuvuka gramu 100, kwa hiyo pima nyama yake bila kokwa.)
Karanga za kukaanga gramu 30: 170.
Siagi ya karanga kijiko kimoja cha chakula: 95.
Mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chakula: 120.
Yai la kuchemsha: 70 na kitu.
Maziwa yasiyoenguliwa au mtindi, kikombe cha ml 250: 150 hadi 160.

Uji mwepesi ni mtego mwingine. Vijiko viwili vya unga kwenye kikombe cha maji havifiki kalori 80. Upikie kwa maziwa, utie kijiko cha siagi ya karanga ukiwa umeshaiva, unakuwa mlo.

Kwa asiyetaka kutafuna, mtori ndio wenyewe. Wa mtu mmoja: mshare (ndizi za kupika) gramu 200 zilizomenywa, nyama gramu 80 pamoja na mfupa wake, kitunguu, nyanya moja, maziwa nusu kikombe, siagi kijiko kimoja. Chemsha nyama mpaka ilainike, itoe, ndizi ziive kwenye supu hiyohiyo, ziponde, kisha rudisha nyama iliyochambuliwa. Maziwa yaingie mwisho, moto umezimwa. Yakichemka pamoja na nyanya yanakatika, kwa sababu ya ule uchachu. Hapo una kama kalori 500. Ukiongeza maji ili uonekane mwingi, unarudi palepale: bakuli la pili halitaliwa.

Dada wa Majengo
Jamani, mtori si ndio wanaopewa wazazi waliotoka kujifungua wanenepe?

Jiko la Mbuyuni
Kinachonenepesha ni jumla ya siku, dada. Mzazi anapewa mabakuli manne na nyama juu. Wewe ni bakuli moja ndani ya kalori zako 1,500.

Kaka wa Ngaramtoni
Kalori zikitimia kwa mafuta matupu, misuli bado inaondoka. Protini piga gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 80 anahitaji 96. Hesabu ya siku nzima: mayai mawili 12, maziwa au mtindi vikombe vitatu 24, maharage yaliyoiva kikombe kimoja 15, karanga gramu 30 zina 7, nyama iliyoiva gramu 100 ina 26, dagaa wakavu gramu 20 wana 12. Jumla 96. Anza na protini kwenye sahani, ugali ufuate, maana tumbo lisilo na hamu linagoma katikati.

Loshoro msiisahau. Mahindi yaliyokobolewa, yamechemshwa yakapoa, yakachanganywa na mtindi: ni ya baridi, ina uchachu, harufu yake haisumbui. Asiyeweza kuvumilia harufu ya nyama ikiungwa, hiyo inapita.

Nesi mstaafu, Moshi
Hapo juu kuna jambo la kurekebisha. Anayetumia sindano za semaglutide (za kisukari na kupunguza uzito) asikimbilie karanga na mafuta mengi kwa mkupuo. Dawa hiyo inachelewesha chakula kutoka tumboni, na mafuta yanakaa zaidi. Matokeo ni kichefuchefu na kutapika. Agawe nusu kwa nusu, milo midogo mitano au sita.

Metformin, dawa ya kisukari, nayo hukata hamu, inywe pamoja na chakula. Mwenye kisukari anayetumia glibenclamide au insulini asiruke mlo hata kidogo bila kuongea na daktari, sukari itashuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Na kama hamu imekata bila sababu na kuna kikohozi cha wiki mbili, homa au jasho la usiku, hiyo si diet tena. Nenda kapime.

Mizani ya Sakina
Kuhusu saa. Usisubiri njaa, weka kengele: saa moja asubuhi, saa tano, saa nane, saa moja usiku. Maji na chai ya rangi vinywewe ikishapita saa nzima tangu umalize mlo. Kabla ya mlo vinajaza nafasi, na chai ikiandamana na maharage inapunguza chuma kinachoingia mwilini. Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, ukitoka msalani. Ukiona baada ya mwezi unashuka zaidi ya kilo moja kwa wiki, ongeza kama kalori 250 kwa siku: parachichi gramu 100 na kijiko kimoja cha siagi ya karanga. Kipime kwa kukwangua juu na kisu, kijiko cha mlima kina karibu viwili.