Bosi ataka kuwapikia wafanyakazi biriani ili wachangamke. Nimshauri nini?

Shimanzi_Kavu: Assalam aleikum. Ghala la Shimanzi, Mombasa, watu 24, shifti mbili za saa 12. Usiku mizigo yahesabiwa vibaya, na Jumatatu watatu au wanne hawaji. Bosi yuko tayari kutoa pesa, afikiria fulana mpya na karamu. Azitumie vipi?

MsumariWaChuma: Waalaikum salaam. Kabla ya shilingi kutoka, chukua makosa ya wiki 4 uandike kila moja lilitokea saa ngapi. Yakirundikana saa 8 hadi saa 11 usiku, huo ni uchovu. Yakifuata malori yaliyochelewa, watu hawatoshi. Dawa zake ni mbalimbali. Mtafiti wa mambo ya kazi, Robert Karasek, alieleza tangu 1979: kinachomvunja mtu hasa ni kazi nyingi asiyo na kauli juu yake. Waacheni wapange wenyewe mapumziko na kubadilishana ofu.

BintiLikoni: Shifti tatu za saa 8, watu wanane wanane, Jumapili mfunge. Ila angalia: kila shifti yapungua watu 4, kwa hivyo upakuaji mzito uwe mchana, mgawanye 9, 9 na 6. La pili ndilo huua mpango: ovataimu yatoweka, na kuna wanaolipia karo kwa hiyo ovataimu. Pesa za fulana ziingie kwenye mshahara wa msingi, la sivyo mtachukiwa kwa wema wenu. Shifti ya jioni ikiisha saa 4 usiku, wekeni gari. Wa Likoni bado ana feri mbele yake.

Hao wasiokuja Jumatatu msiwakate mshahara kabla ya kuuliza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yampa mgonjwa mwenye cheti cha daktari siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, akishatimiza miezi 2 kazini.

Mzee_wa_Tali: Supavaiza naye. Akimgombeza karani mbele ya wenzake, makosa hayapungui, yafichwa tu, mtayaona siku ya kuhesabu stoki. Na joto hili, maji yawe pale pale pa kazi, robo lita kila dakika 20. Mtungi ukiwa ofisini hakuna aendaye. Ramadhani, mizigo mizito isogezwe baada ya futari.

Shimanzi_Kavu: Shukran. Kwa hivyo biriani hakuna?

BintiLikoni: Ipikwe, lakini ratiba mpya ishabandikwa ukutani. Ikitangulia, wataila huku wakisema wanahongwa.