Walipeana mikono, lakini uonevu haujakoma: mzazi aidai shule nini?

Mama wa Kisauni:
Salaam aleikum wazazi na walimu. Nina mtoto wa kiume aliye gredi ya 7 katika shule ya kutwa hapa Kisauni. Ana kigugumizi tangu utotoni, na tangu muhula uliopita wavulana watatu wa darasa lake wamekuwa wakimnyang'anya pesa za chakula na kumwigiza anapojibu swali. Nilipolifikisha jambo hili shuleni, mwalimu aliwaita wote wanne mbele ya wenzao, akawataka waombane radhi na kupeana mikono, na suala likahesabiwa kuwa limekwisha. Ni kweli kwamba sasa hakuna anayemgusa. Lakini hakuna anayekubali kuketi naye katika dawati la watu wawili, na kila anaposimama kusoma, mtu hugonga kalamu mezani kwa kufuata maneno yanavyomkwama, mpaka anaketi bila kumaliza. Baba yake anataka tumhamishe, nami nachelea kwamba atauhama uonevu huu na kuukuta mwingine huko aendako. Mzazi aitake shule ifanye nini hasa ili jambo hili likome?

Mwalimu mshauri, Likoni:
Pole sana, mama. Kupeana mikono ni suluhu ya ugomvi, na ugomvi huwa baina ya watu wanaolingana nguvu. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia katika miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: unakusudiwa, unarudiwa, na anayeonewa hana uwezo wa kujitetea. Mtoto mmoja anapokalishwa pamoja na watatu waliomdhulumu, kisha naye akatakiwa kuomba radhi, darasa zima linaelewa kwamba yeye pia ni mkosa. Sisi watu wa Pwani tunaipenda suluhu, na ni sifa njema, ila hapa imemuumiza aliyekwisha kuumizwa.

Omba kwanza kwamba kila mmoja wa wale watatu azungumzwe naye peke yake, siku hiyo hiyo, kabla hawajapata nafasi ya kupatana maneno, na mwanao asiwepo. Pili, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, shule ishughulike na wanaotazama. Kalamu ile hugongwa kwa sababu kuna wanaocheka. Mpango wa KiVa, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku nchini Ufini, umejengwa juu ya jambo hilo: pamoja na kuzungumza na waonevu, walimu huwaomba faraghani wanafunzi wachache wanaoheshimiwa na wenzao wawe karibu na yule anayeonewa. Mwalimu wa darasa anawajua watoto wa aina hiyo. Awachague wawili, mmoja aketi naye dawatini, mwingine afuatane naye wakati wa mapumziko, bila kulitangaza jambo lenyewe.

Pia uliza pesa zilikuwa zikichukuliwa wapi na saa ngapi. Mara nyingi ni nyuma ya vyoo, penye mfereji wa maji, au nje ya lango baada ya kengele ya mwisho, na hapo ndipo mwalimu wa zamu anapopaswa kusimama.

Mjumbe wa bodi ya shule, Changamwe:
Mama, yaliyosemwa na mwalimu yaweke katika barua. Malalamiko ya mdomo husahauliwa, lakini barua iliyopokewa na kupigwa muhuri hudai jibu. Anza kwa mwalimu mkuu na ubaki na nakala. Usipojibiwa, nenda kwa bodi ya usimamizi, kisha kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kutendewa ukatili au udhalilishaji, uwe wa kimwili au wa kisaikolojia. Kwa hiyo kudhihakiwa kwa kigugumizi si utani wa kitoto unaoweza kupuuzwa. Simu ya 116, ambayo ni ya bure, hupokea taarifa za watoto wanaoteswa.

Usikubali wavulana wale wachapwe. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na zaidi ya hayo, mtoto aliyechapwa kwa sababu ya mwanao atalipiza kisasi njiani, mahali ambapo hakuna mwalimu.

Mama wa Kisauni:
Nawashukuru sana. Je, nimuulize kila jioni kama ameonewa?

Mwalimu mshauri, Likoni:
Hapana, mama, atachoka na atakuficha. Muulize alikula na nani na aliketi na nani. Majibu hayo yatakueleza mengi. Kuhusu kusoma, mwombe mwalimu asimsimamishe peke yake kwa sasa, bali asome kwa sauti pamoja na jirani yake wa dawati, maneno yale yale kwa wakati mmoja. Wengi wenye kigugumizi hupata wepesi wanaposoma sambamba na mwenzao, na kwa njia hiyo atamaliza ukurasa.