"Porous" tuitafsirije kwa Kiswahili, na inatofautianaje na "permeable"?

MfasiriLebo

Wakuu, heshima kwenu. Natafsiri maelezo ya kopo la gundi ya mbao. Kuna mstari unaosema angalau upande mmoja uwe "porous", na kwamba gundi haifai kati ya vitu viwili "non-porous". Kamusi inanipa "-enye vinyweleo". Nikiandika "upande wenye vinyweleo", fundi atafikiria ngozi ya mtu. Tena kwenye habari nakutana na "porous border". Ni neno lile lile? Na "permeable" na "absorbent" zinaingia wapi?

FundiRangi

Mkuu, kwenye kopo achana na vinyweleo. Andika "kinachonyonya maji" na "kisichonyonya maji". Fundi akisoma hivyo anajua la kufanya, na ndiyo kazi ya maelezo ya kopo.

Sababu ya sharti lenyewe ni hii: gundi nyeupe ya mbao hukauka kwa kupoteza maji yake. Maji hayo huingia kwenye vitundu vya mbao na mengine hutokea pembeni. Ukibandika kioo kwa kioo, maji hayana pa kwenda, na ukitenganisha baada ya siku kadhaa utakuta katikati bado ni uji mweupe. Supaglu ina tatizo la kinyume. Ile nyepesi kama maji ikiwekwa kwenye mbao laini hunyonywa yote, kiungo kinabaki kikavu na hakishiki. Kwa mbao tumia ile nzito.

Kupima ni rahisi: dondosha tone la maji, subiri dakika moja. Likikaa juu limevimba kama ushanga, hapo ni "non-porous". Likitandaa, likazama na kuacha doa jeusi, hapo ni "porous". Ila usipime kwenye mbao iliyopigwa vanishi, maana utakuwa unapima vanishi. Piga msasa kwanza.

MwalimuJiografia

Aliyesema hapo juu yuko sawa kwa kopo, ila kwenye maandishi ya sayansi "inayonyonya" haitoshi, na hapa wanafunzi wengi hupoteza alama.

"Porous" inaeleza umbo la ndani: kitu kina vitundu. "Permeable" inaeleza tendo: kinapitisha maji au hewa kutoka upande huu hadi ule. Mambo haya mawili hayaendi pamoja kila mara. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuwa na nafasi za 40 hadi 70% ya ujazo wake, kuliko hata changarawe yenye 25 hadi 40%. Lakini mwaga maji juu ya vyote viwili: kwenye changarawe yanazama papo hapo, kwenye mfinyanzi yanatuama. Vitundu vya mfinyanzi ni vingi mno, ila ni vidogo kiasi kwamba maji yanang'ang'ania humo na kusogea polepole sana. Ndiyo maana bwawa la samaki husakafiwa kwa mfinyanzi.

Kuna na neno la tatu, "pervious". Katika Jiografia ya shuleni miamba inayopitisha maji hugawanywa mara mbili: inayopitisha kupitia vitundu kati ya chembe, mfano mawe ya mchanga na chaki, hiyo ndiyo "porous", na inayopitisha kupitia nyufa, mfano itale (granite) iliyopasuka, hiyo ni "pervious". Chembe zenyewe za itale zimebanana, maji hufuata ufa tu.

Ukitaka namba, chukua tofali la kuchoma. Likaushe kabisa, lipime, lizamishe majini saa 24, lifute kwa kitambaa chenye unyevu, lipime tena. Tuseme limetoka kilo 2.5 likafika 2.9. Limenywa gramu 400, yaani 16% ya uzito wake. Lakini "porosity", yaani kiasi cha vitundu ndani ya kitu, huhesabiwa kwa ujazo, siyo kwa uzito. Tofali la sentimita 22 × 10.5 × 6.5 lina ujazo wa takriban mililita 1,500, kwa hiyo vitundu vilivyofikiwa na maji ni kama 27%. Wengi huchanganya asilimia hizi mbili. Na hiyo 27 bado ni pungufu, kwa sababu hewa hunaswa ndani na maji baridi hayawezi kuitoa yote. Ukilichemsha tofali kwa saa kadhaa, namba hupanda.

"Absorbent" ni kitu kinachofyonza na kushika, kama pamba au taulo. Linganisha sponji ya godoro na soli ya ndala. Zote mbili zimejaa viputo, lakini vya godoro vimeungana na vya ndala kila kimoja kimefungwa peke yake. Godoro linakunywa maji, ndala inaelea. Mwingereza wa kawaida ataita godoro "porous", ndala hataiita hivyo.

Mhariri_wa_Habari

Kuhusu mpaka: ni neno lile lile kwa sitiari, na Kiswahili tayari kina lake. "Porous border" ni mpaka wenye njia nyingi za panya. Tafadhali msiandike "mpaka wenye vinyweleo". Kwenye mpira, "porous defence" ni ngome inayovuja.

Matamshi ni silabi mbili, PO-ras, mkazo mwanzoni, siyo "poraus". Nomino ni "porosity", na kitundu kimoja ni "pore". Kinyume ni "non-porous", siyo "unporous".

MfasiriLebo

Asanteni sana. Nimeandika: "Angalau upande mmoja uwe wa kitu kinachonyonya maji, kama mbao, karatasi, kitambaa au kigae. Usitumie kati ya vitu viwili visivyonyonya, kama kioo, chuma au plastiki." Iko sawa?

FundiRangi

Ondoa "kigae", au sema "mgongo wa kigae cha udongo". Uso wake unaong'aa una tabaka la kioo lililoyeyushwa tanuruni, tone la maji linateleza juu yake. Geuza kigae hicho hicho, dondosha tone mgongoni penye mistari: linazama ukiangalia. Tena vile vigae vizito vya porseleni havinywi karibu kitu hata mgongoni, na mtu akisoma "kigae" atabandika hivyo.