Mpenzi wangu kakutwa na gono, mimi sina dalili yoyote, nifanyeje?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri na tafadhali matusi pembeni. Niko chuo mwaka wa pili, huyu mpenzi wangu niko naye tangu mwaka wa kwanza. Juzi kanipigia ananiambia alikuwa anaumia akikojoa na usaha unatoka, kaenda kupima kaambiwa ni gono, kachomwa sindano na kupewa vidonge, dokta akamwambia na mimi niende. Sasa mimi siwashwi, sitokwi na uchafu, tumbo haliumi, mkojo unatoka freshi tu. Rumeti wangu anasema kama sina dalili basi sina ugonjwa, ila kwa usalama nimeze antibayotiki zake zilizobaki alipotibiwa UTI yaishe. Mara ya mwisho tulikutana kabla ya mitihani, wiki kadhaa zimepita. Zahanati ya chuo naogopa maana mapokezi wananijua. Nimeze, nisubiri, au niende? Na hii maana yake kanichiti?

Mdau_Tulivu: Pole sana mdogo wangu. Hivyo vidonge usiviguse kabisa, dawa ya UTI sio lazima iue gono, na hayo ni mabaki wala sio dozi. Gono ni sugu kwa dawa nyingi za zamani, ndo maana jamaa yako kachomwa sindano. Utapooza tu wadudu halafu ukienda kupima kipimo kinaweza kukudanganya.

KidumeOG: Kakuchiti huyo, piga chini fasta.

Nesi_wa_Zamu: KidumeOG acha kumchanganya mtoto wa watu, kwanza atibiwe. Dada, wanawake wengi wenye gono au klamidia (ugonjwa mwingine wa zinaa) hawaoni kitu chochote, mwanaume ndo mara nyingi anashtuka mapema kwa sababu ya usaha. Wewe unaweza kukaa nayo miezi unasoma, unafanya mitihani, huku inapanda kwenye kizazi na mirija, na mirija ikishaharibika ndo unakuja kuhangaika na ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Kwa hiyo kusubiri dalili ondoa kabisa. Ukifika usiseme umekuja kucheki afya tu, sema wazi mpenzi wangu kakutwa na gono, hiyo sentensi moja inabadilisha huduma yote, wanaweza kukuanzishia dawa siku hiyo hiyo hata kabla ya majibu. Sema na kama una mimba au unahisi unayo, maana kuna dawa hazifai kwa mjamzito. Zahanati ya chuo sio lazima, nenda kituo kingine chochote, muhimu uende mapema.

Halafu swali, mlikuwa mnatumia kondomu?

Mleta uzi: Mwanzoni ndiyo, baadaye tukaenda kupima wote HIV tukawa negativu, nikaanza sindano ya uzazi wa mpango basi kondomu zikaishia hapo.

Nesi_wa_Zamu: Hapo ndo wanachuo wengi wanaposhikwa na huwa naumia sana. Wanasema tumepima tuko salama, kumbe wamepima HIV peke yake! Hicho kipimo hakioni gono, hakioni klamidia wala kaswende. Na sindano inazuia mimba tu. Sasa ukienda omba vyote, kaswende na homa ya ini B pia. HIV pima sasa, na urudie ikifika miezi 3 tangu mlipokutana mara ya mwisho kwa sababu maambukizi mapya yanaweza yasionekane mapema. PEP, zile dawa za kuzuia HIV baada ya kukutana na mtu, kwa sasa muda wake umepita, zinaanzwa ndani ya saa 72.

Mdau_Tulivu: Kuhusu kuchiti, ugonjwa wenyewe hauwezi kukujibu. Kwa wanaume dalili mara nyingi zinakuja ndani ya siku chache ila wapo wasioonyesha kitu, na wewe mwenyewe ungeweza kuwa nayo toka zamani bila kujua. Muulize, ila msichapane lawama kabla wote hamjatibiwa. Na kukuambia kakuambia, wengi wanatibiwa kimya kimya wanamwacha mwenzao anaozea ndani.

Mleta uzi: Asanteni sana, nimemrudishia rumeti vidonge vyake. Kesho asubuhi naenda kituo cha mbali na chuo. Tukitibiwa wote tunaruhusiwa kuendelea lini?

Nesi_wa_Zamu: Siku 7 baada ya yule wa mwisho kati yenu kumaliza dawa, yeye akiwahi kupona na wewe bado unamrudishia. Na ukapime tena baada ya miezi 3, kujirudia ni kwingi sana. Kingine, kama huwa mnatumia na mdomo mwambie dokta bila aibu, gono inakaa hadi kooni na kipimo cha mkojo hakitaiona huko.