Mrejesho: ile kazi ya kuchangisha fedha niliichukua

Wakuu, mwaka jana niliuliza kama niache kuchangishia hospitali ya watoto nihamie shirika la hapa Washington linalopinga silaha za nyuklia. Nilihamia. Ugumu upo kweli: MacArthur Foundation, iliyokuwa mfadhili mkubwa kabisa kwenye suala hili, ilitangaza 2021 kwamba inajitoa. Na mtoto mgonjwa ana picha; bomu ambalo halijalipuka utamwonyesha nani?

Dada aliyenishauri nianze na watu, si makombora, Mungu akubariki. Juzi bibi mmoja, ambaye baba yake alikuwa askari kwenye majaribio ya mabomu ya nyuklia kule Nevada miaka ya 1950, alinishika mkono kimya, muda mrefu, kisha akaandika hundi ya dola 500. Sirudi nyuma.