Nataka kuacha sigara nihamie vepu (sigara ya umeme), nianze na kifaa gani? (Malindi)

tuktuk_barani aliandika:

Assalam aleykum jamani, hamjambo nyote. Mimi naendesha tuktuk hapa Malindi, sigara nimevuta mwaka wa 13 huu, kwa siku pakiti nzima inaisha na msimu wa wageni Desemba kazi ikiwa nyingi napita hapo. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na harufu ya sigara akiisikia tu anatapika. Juzi nimerudi usiku nikataka kumshika tumbo akautoa mkono wangu, akasema vidole vyanuka, nikaenda kuoga kwa sabuni na bado akaisikia. Hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Kuacha hivi hivi nshajaribu mara mbili. Ramadhani mchana nafunga bila shida lakini ikiadhiniwa magharibi tu ni tende moja na sigara. Mara ya pili nilikaa siku nne, arosto ikanishika nikawa nagombana na abiria kwa shilingi kumi, siku ya tano nikanunua moja halafu mchana ishakuwa pakiti. Sasa kuna rafiki yangu anafanya kazi hoteli upande wa Casuarina yeye alihamia vepu na sigara hagusi tena, nikaona nami nijaribu. Nimeenda duka moja nikatoka kichwa kinaniuma. Kuna zile za rangi rangi za kutupa, kuna kijiti kidogo cha podi, na kuna boksi zito kama tochi lina kioo na namba ndani, muuzaji akanishikilia hilo boksi eti ndio la mwanaume, elfu nane. Sikununua. Na juisi za kujaza nazo zimeandikwa 3, nyingine 20, nyingine 50, nikauliza tofauti akaniambia chagua ladha tu.

Bajeti yangu ni elfu tatu, nikijikaza tatu na nusu. Nichukue ipi? Na je hili joto la Malindi, tuktuk inakaa juani siku nzima, haitaharibika? Naomba wenye uzoefu wanisaidie.

fundi_mkomani alijibu:

Wa aleykum salaam kaka. Kwanza umefanya la maana kutoka na pesa yako. Mimi nko Lamu, kazi yangu ni kutengeneza simu na hizi vepu zikiharibika zaletwa kwangu, nimezifungua nyingi, na mimi mwenyewe nilikuwa mvutaji, mwaka wa pili huu sijawasha sigara.

Lile boksi lisahau. Si bovu, ila ni la uvutaji mwingine. Mtu wa sigara anavuta moshi ukae mdomoni kwanza ndio auteremshe, na sigara yenyewe ina ugumu fulani ukiivuta, koo lako limezoea ugumu huo miaka 13. Boksi ni la mtu wa kuvuta moja kwa moja mpaka kifuani kama shisha, linapiga wati 60 au 80, wingu linajaa chumba kizima na juisi linakunywa chupa kwa siku mbili. Utakohoa nalo siku tatu urudi kwenye sigara ukisema vepu haifanyi kazi, na hilo nimeliona kwa watu wengi sana.

Chukua podi ya kujaza mwenyewe, kile kijiti kidogo chenye kikasha cha juisi cha kuchomoa, na hicho kikasha nacho chaitwa podi. Haina kitufe, ukivuta inawaka, ukiacha inazima. Betri iwe mAh 800 kwenda 1000, hapo unamaliza siku ya kazi bila kuchaji. Geuza podi usome maandishi madogo pembeni, kuna namba ya omu, ndio ukinzani wa koili, ule waya wa ndani unaochemsha juisi, wewe tafuta 0.8 mpaka 1.2, hizo ndizo zinavuta kwa kubana kama sigara na wati zake hazipiti 20. Kama ina kitundu cha hewa cha kufungua na kubana ni bora zaidi, anza umekibana. Na kabla hujatoa hata shilingi muulize muuzaji podi za akiba za kifaa hicho hicho anazo? akuonyeshe uzione kwa macho. Maana koili inaungua kila wiki moja au mbili, kwa mvutaji kama wewe sanasana siku kumi, na huku kwetu watu wananunua kifaa kizuri Nairobi au Mombasa, podi ikiungua hakuna, kifaa kinawekwa juu ya kabati na sigara inarudi siku hiyo hiyo. Kifaa cha kawaida chenye podi kila duka kwangu ni bora kuliko cha jina kubwa chenye podi za kuagiza.

Za kutupa mimi sikushauri. Kila moja ina betri nzima ya lithiamu ndani, ikiisha inatupwa na betri yake, hapa tunaziokota ufukweni maji yakitoka. Uingereza wamepiga marufuku kuziuza tangu Juni 2025. Na ukipiga hesabu ya mwezi mzima zinakula pesa kuliko podi.

Joto sasa. Hapa nakuomba unisikize. Usiiweke dashibodi, usiiweke juu ya kiti, weka mfukoni mwa shati au kwenye kibegi kivulini. Juisi ikipata joto inakuwa nyepesi kama maji inavuja kwenye vitundu, na betri nayo haipendi jua. Nililetewa moja iliyoachwa juu ya boti Shela saa saba mchana, nimeifungua betri imefura kama andazi, ile ganda la plastiki imetanuka mpaka skrubu moja imeng'oka. Niliitoa nikaizika kwenye ndoo ya mchanga. Kuchaji tumia kichaja kidogo cha kawaida, si kile cha simu cha kuchaji haraka, na usiiache usiku kwenye godoro.

nahodha_wa_kusi alijibu:

Fundi amesema kweli tupu, mi naongeza kwenye juisi kwa sababu hapo ndipo nilipoumia.

Ndugu yangu zile namba ni miligramu za nikotini kwa kila mililita. 20 ndio wengine wanaandika asilimia 2, na 50 ni asilimia 5. Mimi wakati naanza nilinunua boksi kubwa halafu nikajaza juisi ya 50, hakuna aliyeniambia kuwa 50 ni ya vijiti vidogo na boksi linataka 3 au 6. Tulikuwa tunatoka Manda na wageni wanne, nikavuta kama mara nane hivi nimekaa kwenye usukani. Jasho baridi, mate yanajaa mdomoni, moyo unapiga, mikono imekufa ganzi, nikamwita kijana ashike usukani nikalala chini kwenye ubao natapika, mimi mtu wa bahari tangu mdogo sijawahi kutapika chomboni. Ilikuwa nikotini nyingi kwa mpigo mmoja. Kama ningekuwa peke yangu chomboni sijui.

Kwa pakiti moja kwa siku anza na 20 ya nikotini ya chumvi, imeandikwa salt kwenye chupa, hiyo inashuka kooni taratibu na arosto inakatika haraka karibu na sigara yenyewe. Ulaya hata sheria yao hairuhusu kupita 20. Usianze na 3 kwa kujionea huruma, haitakukata kiu, utavuta kutwa nzima na sigara utaitamani vile vile. Halafu ukishatulia miezi miwili mitatu teremka 10, baadaye 5. Mimi sasa niko 5.

Jambo lingine ladha. Watu wanaanza na ya tumbaku wakidhani itafanana na sigara, haifanani. Mimi iliyonishika ni ya minti. Nunua chupa ndogo mbili tofauti, usinunue kubwa kabla hujajua. Na kunywa maji, hii kitu inakausha mdomo.

kijana_ngala alijibu:

Nami naomba kuuliza hapo hapo, mi nina miaka 19 sigara sivuti ila washkaji wote wanazo hizi na zanukia vizuri, nianze na ya ngapi?

nesi_mstaafu alijibu:

Mwanangu wa Ngala nianze na wewe. Usinunue. Ya 20, ya 3, hata iliyoandikwa sifuri. Huyu kaka yako wa tuktuk anatoka kwenye moto anakwenda kwenye jua kali, kwake ni nafuu. Wewe uko kivulini. Nikotini ikishakuingia utaamka nayo na utalala nayo na pesa yako ya kila siku itakuwa na mwenyewe. Nimefanya kazi wodini miaka mingi hapa pwani, sijamwona mtu mmoja aliyeniambia alipanga kuwa mraibu.

Sasa mwanangu wa tuktuk. Nimesoma maneno ya mkeo na vidole nikafurahi kuwa umeyasikia, wengine hawasikii. Nakwambia kama ninavyowaambia wagonjwa. Kinachoua kwenye sigara zaidi ni ule moshi wa tumbaku inayoungua, lami na ile gesi ya kaboni monoksaidi inayokaa kwenye damu mahali pa hewa. Vepu haichomi tumbaku, inachemsha juisi ikawa mvuke, kwa hivyo vitu hivyo viwili havimo. Ila si hewa safi. Mtu aliyeitengeneza ya kisasa ni mfamasia wa Kichina anaitwa Hon Lik mwaka 2003, naye alikuwa mvutaji na babake alikufa kwa saratani ya mapafu. Hesabu mwenyewe, 2003 mpaka leo hakuna mtu aliyevuta vepu miaka 40 tukamweka kitandani tukamchunguza. Kwa hiyo chukua hii kama daraja, uvuke.

Ukitaka njia isiyo ya mvuke kuna plasta za nikotini na pia bazoka zake za kutafuna, uliza famasi au hospitali. Lakini siwezi kukuficha, tafiti zilizokusanywa na Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, zinaonyesha wavutaji waliopewa vepu yenye nikotini wanaoacha sigara ni wengi kuliko waliopewa plasta na bazoka. Sharti ni moja nalo ni gumu, uache sigara kabisa. Wanaovuta vepu kutwa na sigara mbili tatu jioni mapafu yao hayajapata kitu. Panga siku, siku hiyo pakiti itoke tuktukini, kibiriti kitoke, na kile kisahani cha majivu.

Mkeo asiishike hata kwa kuonja, nikotini inavuka kwenda kwa mtoto tumboni. Wewe usivutie ndani ya nyumba, toka nje hata kama ni mvua ya masika. Na mtoto akizaliwa chupa ya juisi ikae juu na kufungwa, ina rangi na harufu ya peremende, mtoto wa mwaka mmoja akiinywa hata kidogo ni kumkimbiza hospitali. Ikikumwagikia mkononi nawa kwa sabuni.

Na usinunue juisi ya kuchanganywa na mtu mtaani kwenye chupa isiyo na maandishi, au iliyotiwa bangi. Marekani mwaka 2019 watu walianza kuingia hospitali mapafu yameharibika, kufikia Februari 2020 walilazwa zaidi ya 2,800 na 68 wakafa, na wengi walikuwa wametumia podi za bangi za magendo zilizotiwa mafuta ya vitamini E. Mafuta hayaingii mapafuni mwanangu, ya aina yoyote.

Ukibanwa sana moyoni piga 1192, ni namba ya NACADA, wale wa serikali wanaopambana na ulevi na dawa za kulevya, haikatwi pesa, utazungumza na mtu.

kijana_ngala alijibu:

Sawa mama nimesikia. Shukran.

tuktuk_barani alijibu:

Wallahi sikutarajia majibu kama haya, mama nesi Mungu akuweke. Nimerudi na habari. Jana nimenunua podi, elfu mbili na mia nne pamoja na podi moja ya akiba, imeandikwa omu 1.0, na chupa mbili za 20, minti na embe. Pakiti nimempa mke wangu azitie maji mwenyewe, akazikatakata moja moja juu ya ndoo. Sigara ya mwisho nimevuta jana saa tatu usiku, sasa ni saa nne asubuhi, saa 13 hizo, na nimebeba abiria kumi na mmoja sijagombana na mtu.

Ila kuna shida moja, nilipoijaza nikavuta papo hapo, ikanipa ladha kama kitambaa kinachoungua, koo likakwaruza nikakohoa mpaka machozi. Na leo bado ile ladha ipo kidogo. Nimeharibu?

fundi_mkomani alijibu:

Hongera kaka, saa 13 si kidogo. Kifaa ni kizima, ulichochoma ni pamba. Ndani ya koili kuna pamba inayonyonya juisi, ukivuta kabla haijalowa ule waya unaunguza pamba kavu na ladha hiyo haitoki tena. Toa hiyo podi weka ile ya akiba. Ijaze, isimamishe wima kivulini dakika kumi usiiguse, halafu vuta mara mbili tatu bila kuiwasha kama inakubali, ndio uanze taratibu. Vuta sekunde tatu, ipumzishe nusu dakika, vuta tena. Usiipige mfululizo ukiwa kwenye foleni, pamba haiwahi kulowa. Na juisi ikifika robo jaza, usingoje ikauke.

Kikohozi cha siku za mwanzo ni cha kawaida, kikipita wiki mbili au ukisikia kifua kinabana nenda ukaonwe.

Nunua podi nyingine ya akiba leo leo, usingoje hiyo iungue.

tuktuk_barani alijibu:

Nimeisimamisha kwenye kikombe hapa kivulini chini ya mwarobaini, zimebaki dakika nne. Ntawaambia usiku.